Namba 110/70, Mara Tatu

Kadi ya kliniki ya wajawazito ya mdogo wangu ninayo mimi. Aliniachia siku aliyotoka wodini, akasema hataki kuiona tena ndani ya nyumba yake. Kona moja imelowa mafuta ya kupikia, inang'aa kama karatasi ya maandazi, lakini maandishi yote yanasomeka. Kwenye mstari wa shinikizo la damu kuna mahudhurio matatu ya miezi mitatu tofauti, na namba ni moja: 110/70, 110/70, 110/70. Mwandiko ule ule, kalamu ile ile ya bluu.

Presha ya binadamu haitulii hivyo. Ukipimwa asubuhi ukapimwa tena baada ya chai, namba zitatofautiana walau kidogo. Nilipomuuliza, mdogo wangu alinijibu bila hasira: mashine ya zahanati ile ya kisiwani ilikuwa mbovu tangu kabla tumbo lake halijaonekana, na nesi alikuwa mmoja. Nesi alimtazama usoni, akamuuliza, "Dada, unajisikiaje?" Akajibu, "Salama." Namba ikaandikwa. Wiki ya 34 aliamka na kichwa kinachogonga, kisichosikia panado, macho yakiona vimulimuli. Kabla ya jua kuchwa alikuwa ameanguka sakafuni, mwili mzima unamtetemeka. Mtumbwi wa injini ulipatikana usiku. Yeye alipona. Mtoto, wa kiume, hakupona.

Mimi si daktari. Tangu siku ile nimesoma kila nilichoweza kukipata kuhusu ugonjwa huu wa kifafa cha mimba, nimewasumbua wakunga na madaktari kwa maswali, kwa sababu nilitaka kujua kama sayansi ndiyo iliyoshindwa. Haikushindwa. Majibu makubwa yalikuwepo miaka mingi kabla ya safari ile ya usiku. Yalimkuta amechelewa, au yeye aliyakuta yamechelewa. Ndiyo maana nasema utafiti unaotakiwa sasa huku Kanda ya Ziwa ni utafiti wa wakati: wiki za mimba, saa za safari, siku za kliniki, hata mwezi ulio angani.

Nianze na jina, maana jina lenyewe linatuchelewesha. Tunasema kifafa cha mimba. Jina hilo linataja mwisho wa ugonjwa, pale mwanamke anapoanguka. Mwanzo wake, ambao madaktari huuita priklampsia, hauna neno la nyumbani. Kwenye mabango tunaandikiwa "dalili za awali za kifafa cha mimba", maneno saba ambayo hakuna anayeyatamka jikoni. Jikoni tunasema miguu imejaa. Na miguu kujaa ina tafsiri zake: mama mkwe wa mdogo wangu alifurahi, akasema hiyo ni dalili ya mtoto wa kiume. Tena neno kifafa limebeba hofu za zamani, za kurogwa na za povu linaloambukiza, kwa hiyo siku mwanamke anapoanguka wapo wanaorudi nyuma badala ya kumlaza kwa ubavu na kuita msaada.

Ugonjwa wenyewe huanza kimya. Presha ikifika 140/90 au zaidi baada ya wiki ya 20, kwa mwanamke ambaye hakuwa na presha, na mkojo ukaonesha protini au kiungo kama figo, ini au ubongo kikaonesha kuathirika, hiyo ndiyo priklampsia. Ikifika 160/110 ni dharura ya saa hiyo hiyo. Mzizi uko kwenye kondo la nyuma. Mimba ikiwa changa, mishipa ya damu ya mji wa mimba inatakiwa itanuke ili ilishe kondo. Isipotanuka vizuri, kondo linakosa damu ya kutosha, nalo linamwaga kwenye damu ya mama protini zinazoumiza kuta za mishipa mwili mzima. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Ananth Karumanchi walionesha kwamba mojawapo ya protini hizo, iitwayo kwa kifupi sFlt-1, ikipewa panya wenye mimba inawaletea presha na protini kwenye mkojo. Mpaka leo tiba ya kuumaliza ugonjwa ni moja: kujifungua, kondo litoke. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa priklampsia na kifafa cha mimba vinaondoka na mama wapatao 46,000 kila mwaka, na watoto wapatao 500,000 wanaofia tumboni au wakiwa wachanga.

Angalia ratiba hiyo. Kosa linatokea wiki za mwanzo, wakati mwenye mimba pengine hajamwambia hata mume. Dalili zinakuja baada ya wiki ya 20. Kuanguka kunakuja mwishoni. Kati ya kosa na kuanguka kuna miezi, na miezi hiyo ndiyo mali tunayoipoteza.

Dawa ya kuzuia kuanguka inajulikana. Mwaka 1995 yalitoka matokeo ya utafiti wa wanawake 1,687 waliokuwa tayari wamepata kifafa cha mimba. Walilinganisha magnesiamu salfeti na dawa mbili zilizozoeleka, diazepamu na fenitoini. Magnesiamu ilizishinda zote mbili. Dhidi ya diazepamu, kurudiwa na degedege kulipungua kwa asilimia 52. Mwaka 2002 ukafuata utafiti ulioitwa Magpie, zaidi ya wanawake 10,000 katika nchi 33, wenye priklampsia ambao walikuwa bado hawajaanguka. Waliopewa magnesiamu, hatari yao ya kuanguka ilipungua kwa zaidi ya nusu. Magnesiamu salfeti ni chumvi, wala si dawa ya kifahari. Haihitaji mashine wala maabara.

Inahitaji mtu. Nililiona hilo kwa macho yangu usiku wa pili, nimekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda. Dozi ya mwanzo ni gramu 4 zinazoingizwa mshipani taratibu, kisha gramu 10 kwenye nyama, 5 kila tako, sindano ambayo kila aliyechomwa anaikumbuka. Halafu kila baada ya saa 4 muuguzi anarudi. Aliinua goti la mdogo wangu, akaligonga kwa ukingo wa kiganja kwa sababu nyundo haikuwepo, akasubiri mguu uruke. Ukaruka kidogo. Akahesabu pumzi midomo ikicheza, kwa dakika nzima, zisipungue 16. Akainama kuangalia mfuko wa mkojo, maana mkojo ukipungua chini ya mililita 30 kwa saa dawa inaanza kujaa mwilini na inaweza kusimamisha pumzi. Ndipo akachoma dozi nyingine, akaandika saa. Kila saa ilikuwa na namba yake. Nikawaza ile kadi.

Shirika la Afya Duniani lilishasema kwamba mahali pasipoweza kumpa mgonjwa dozi zote, apewe dozi ya mwanzo palepale kisha asafirishwe. Kwa watu wa visiwani sentensi hiyo ni kubwa kuliko hospitali yoyote. Maana yake ni kwamba saa za majini zisiwe saa tupu.

Usafiri umebadilika, na nalisema hilo kwa furaha. Daraja la Kigongo-Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na mgonjwa wa Sengerema hasubiri tena kivuko kijaze magari. Mfumo wa m-mama, wa kuwasafirisha wajawazito na wachanga wenye dharura, ambao majaribio yake yalianzia huku kwetu ziwani, leo unapatikana nchi nzima kwa kupiga 115 bila malipo. Takwimu za kitaifa zinaonesha vifo vitokanavyo na uzazi vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022. Sina sababu ya kubeza kazi hiyo. Kuna watu hawakulala ili ifanyike. Lakini Ukerewe bado ni kisiwa, na Ukara ni kisiwa cha kisiwa. Ziwa likichafuka usiku, simu haitulizi mawimbi. Kwa mwanamke wa huko, wakati wa kumwokoa ni kabla hajahitaji mtumbwi.

Hapo ndipo inapoingia aspirini. Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika hasa Ulaya, uliowahusisha wanawake 1,776 walioonekana kuwa katika hatari kubwa. Karibu nusu walipewa miligramu 150 za aspirini kila usiku, wengine kidonge kitupu kisicho na dawa, kuanzia wiki ya 11 hadi 14, wakaendelea mpaka wiki ya 36. Priklampsia ya kabla ya wiki ya 37, ile mbaya zaidi, iliwapata asilimia 1.6 ya waliomeza aspirini na asilimia 4.3 ya waliomeza kidonge kitupu. Kuwachagua walitumia vipimo vya damu na picha za mishipa ya mji wa mimba, vitu ambavyo zahanati haina. Shirika la Afya Duniani lina njia nyepesi: mwanamke aliyewahi kupata priklampsia, mwenye kisukari, mwenye presha ya siku zote, mwenye ugonjwa wa figo, mwenye ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, mwenye mapacha, aanzishiwe miligramu 75 kabla ya wiki ya 20. Maswali sita ya mdomo, na kidonge kisichozidi bei ya kikombe cha kahawa.

Kwa nini basi hakimfikii? Kwa sababu mimba changa haitangazwi. Hilo tumelelewa nalo. Mimba ya miezi miwili ni siri ya mwanamke na pengine mume. Ukiitangaza, husuda inaweza kuiharibu, na ikiharibika utasemwa. Benchi la kliniki ni mahali pa hadhara: shangazi wa jirani yupo, dada wa kanisani yupo, na ukikaa pale umeshatangaza. Wengi wanakwenda tumbo linapojitangaza lenyewe, miezi minne au mitano, na dirisha la aspirini linakuwa linafungwa. Sitaki kuwalaumu wanawake kwa hili. Wanalinda kitu wanachokipenda kwa njia waliyofundishwa na mama zao. Anayetaka kuwapa aspirini wiki ya 12 anapaswa kutafuta njia ya kuwafikia bila kuwatangaza: mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayeingia nyumba zote kwa sababu nyingine, au saa ya kliniki isiyokuwa na benchi. Ipi kati ya hizo inafanya kazi? Hilo ni swali la utafiti kabisa, lenye jibu linaloweza kuhesabiwa.

Na kuna dagaa. Tanzania imeshatoa mchango mkubwa kwenye utafiti wa ugonjwa huu kupitia kalsiamu. Wajawazito 11,000 wa Dar es Salaam na wengine 11,000 wa India, wote wakiwa hawajawahi kuzaa, waligawanywa, nusu wakimeza miligramu 1,500 za kalsiamu kwa siku kama inavyopendekezwa, nusu miligramu 500. Matokeo yalichapishwa Januari 2024: kwa kuzuia priklampsia, dozi ndogo haikuwa duni kuliko kubwa, Dar es Salaam ugonjwa uliwapata takriban asilimia 3 pande zote. Kwa mwanamke hiyo ni tofauti ya kumeza kidonge kimoja badala ya vitatu, na kwa bohari ya dawa ni theluthi ya mzigo. Kalsiamu husaidia zaidi pale chakula kinapokuwa na kalsiamu kidogo. Sisi tunakula dagaa na mifupa yake, na mifupa ni kalsiamu. Je, mwanamke wa mwaloni, ufukweni wanakoshushia samaki, anayekula dagaa kila siku yuko sawa na wa Dar es Salaam? Ningependa mtu apime. Wala nisieleweke vibaya: aliyeandikiwa vidonge avimeze, dagaa wabaki kuwa mboga.

Lakini dagaa wana jambo lingine, nalo limenikaa kichwani kuliko yote. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukipevuka mitumbwi inapumzika, mwalo unakuwa kimya, pesa inakauka. Giza likirudi, mzigo unafika alfajiri, na wanawake ndio wanaoanika. Wanamwaga dagaa, wanawatandaza, wanageuza, na jua halimsubiri mtu; dagaa wakichelewa kuanikwa wanaharibika na hasara ni ya mama. Sasa kliniki ya wajawazito ni lini? Asubuhi. Siku ya wiki iliyopangwa, mwezi uwe mpevu au usiwepo. Mdogo wangu alikosa hudhurio moja kwa sababu hiyo hiyo, na kwenye kadi nafasi yake ni tupu, jambo ambalo sasa naliona kuwa ndiyo taarifa ya kweli pekee kwenye mstari ule. Kliniki ya mwalo wa dagaa ikifuata mwezi, au ikihamia alasiri, wangapi zaidi watafika kabla ya wiki ya 16? Wangapi watapimwa presha mara nane kama Shirika la Afya Duniani linavyotaka tangu 2016? Mialo kadhaa ibadilishe ratiba, mingine ibaki na ya zamani, tuhesabu kwa mwaka mmoja au miwili.

Kuna atakayesema huo si utafiti wa kitabibu, ni upangaji wa ratiba. Namkumbusha kwamba Mwanza iliwahi kuufundisha ulimwengu kwa njia hiyo hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, jamii 12 za vijijini mkoani Mwanza ziligawanywa; sita ziliboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya na zahanati zilezile za kawaida, sita zikasubiri. Matokeo ya 1995 yalionesha maambukizi mapya ya virusi vya Ukimwi yamepungua kwa takriban asilimia 40. Hakukuwa na dawa mpya hata moja. Kilichopimwa ni huduma kumfikia mtu. Uwezo huo haukuondoka na wageni: Bugando ipo juu ya kilima chake, chuo kikuu cha afya kipo pembeni yake, na taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ina kituo Mwanza.

Nakiri kwamba utafiti wa namna hii unaweza kukuangusha. Mashine ya presha yenye taa za kijani, njano na nyekundu, iliyotengenezwa kwa ajili ya zahanati kama zetu, ilijaribiwa 2016 na 2017 katika nchi kadhaa za Afrika, India na Haiti, ikihusisha uzazi zaidi ya 500,000. Matatizo yalipungua, lakini haikuthibitika kwamba mashine ndiyo iliyoyapunguza. Wahudumu wa jamii nchini India, Pakistan na Msumbiji walifundishwa kupima presha nyumba kwa nyumba. Matokeo ya 2020 kwa ujumla hayakuonesha vifo na madhara kupungua. Kuna kitu kimoja tu kilichong'aa humo: wanawake waliofikiwa mara nane au zaidi walifanya vizuri zaidi. Mimi nasoma hivi: chombo peke yake hakitoshi, na kutembelewa mara moja moja hakutoshi. Nesi wa kisiwani angepewa mashine mpya yenye taa, betri zingekwisha tena, naye bado angekuwa peke yake na foleni. Sijawahi kumchukia nesi yule. Aliachwa na kazi ya watu wanne na chombo kibovu, na mfumo ulitaka namba, akaupa namba.

Namba hizo za kubuni ni sumu kwa utafiti pia. Anayekusanya kadi elfu moja za namna hiyo atahitimisha kwamba presha ya mimba ni adimu visiwani. Kupima vizuri kuna masharti: mama akae dakika 5, mgongo uegemee, miguu ikanyage chini, mkono uwe usawa wa moyo, mkanda ugusane na ngozi, usifungwe juu ya sweta. Mwanamke aliyepanda mawe ya mlima wa Igogo, jijini Mwanza, na ndoo kichwani akipimwa papo hapo atasoma juu. Ningeanzia hapo, kabla ya jambo lolote.

Watafiti wakija, waje na masikio. Huku neno mumiani halijafa. Chupa ya damu ikitoka kijijini, watu wanauliza inakwenda kwa nani, na wana haki ya kuuliza. Fomu ya ridhaa ya kurasa nyingi iliyosomwa haraka kwa Kiswahili cha ofisini si ridhaa. Mdogo wangu alisaini karatasi wodini akiwa haoni vizuri. Mpaka leo hajui ilikuwa ya upasuaji au ya nini. Mwanamke aelezwe kwa lugha anayoombolezea, Kisukuma au Kikerewe, damu inakwenda maabara gani, itamwagwa lini, na majibu atayapata nani. Tena arudishiwe matokeo. Ni watu wangapi waliowahi kurudi mwaloni kusema: mlitupa damu, tuligundua hili?

Na wasimwache akishajifungua. Degedege linaweza kuja baada ya kujifungua, wakati ndugu wameshaanza kupika uji na kila mtu anamtazama mtoto. Zaidi ya hapo, uchambuzi uliounganisha tafiti 25 na kuchapishwa 2007 ulionesha kuwa aliyepata priklampsia ana uwezekano karibu mara nne wa kuja kupata presha ya kudumu, na karibu mara mbili wa ugonjwa wa moyo na kiharusi. Kadi ya kliniki inaishia kwa mtoto. Mama mwenye miaka 26 anarudi nyumbani bila mtu kumwambia kwamba presha yake ipimwe kila mwaka maisha yake yote. Mdogo wangu aliambiwa na mimi.

Ana mimba tena. Alinipigia simu wiki ya 9, kabla hajamwambia mama. Sasa anaishi Ilemela, jijini Mwanza, na wiki ya 12 alianzishiwa aspirini, anaimeza usiku baada ya taarifa ya habari. Mume wake ameacha ziwa msimu huu. Kadi mpya ameiweka kwenye mfuko wa nailoni ndani ya kabati, na juzi alinipigia picha mstari wa presha akanitumia: 112/74, 118/70, 109/68, 126/82. Kila namba na mwandiko wake. Ile ya mwisho imepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu, na pembeni pameandikwa "arudi baada ya wiki 1". Anarudi Alhamisi, wiki ya 27.